KWA NINI SETILAITI HAZIANGUKI?

Tarehe 30 Desemba 2024, mnamo saa tisa za alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Upana wake ulikuwa mita 2.5 hivi, na uzito wake kilo zipatazo 500. Siku mbili baadaye Shirika la Anga la Kenya lilitangaza kwamba, kwa uchunguzi wa kwanza, chuma hicho kilionekana kuwa pete ya roketi, yaani ile ambayo huunganisha sehemu mbili za roketi mpaka ufike wakati wa sehemu hizo kuachana.

Habari kama hii huzusha maswali mawili katika kila baraza. La kwanza: ikiwa vyuma vizito vyaweza kukaa juu miaka mingi bila nguzo wala kamba, ni kitu gani kinachovishika? La pili: ikiwa kipo kitu kinachovishika, kwa nini baadhi yake viachwe vianguke juu ya mashamba ya watu?

Kuuliza si ujinga. Maswali haya mawili yana jawabu moja, nalo ni jepesi kuliko watu wanavyodhani, ijapokuwa likisikiwa mara ya kwanza lafanana na kitendawili. Setilaiti haikushikwa na kitu chochote. Setilaiti inaanguka. Inaanguka usiku na mchana, kila sekunde, lakini kwa sababu ya mwendo wake mkubwa inaikosa ardhi kila mara.

MAWAZO MAWILI YASIYO YA KWELI

Wako wasemao kwamba setilaiti ina injini inayonguruma daima kama ndege. Sivyo. Ndege huchukuliwa na hewa ipitayo chini na juu ya mabawa yake, na injini ndiyo inayoisukuma ipate kuikata hewa hiyo. Huko ziliko setilaiti hakuna hewa ya kutosha kuchukua bawa lolote. Injini ndogo zilizomo katika baadhi ya setilaiti hutumiwa mara mojamoja tu, kusahihisha njia. Nyingine hazina injini hata moja, na bado zinazunguka.

Wengine, nao ni wengi hata miongoni mwa waliosoma, husema kwamba huko juu nguvu ya uvutano wa dunia imekwisha, ndiyo maana vitu havianguki. Hili nalo si kweli. Kituo cha anga cha kimataifa, ambamo wanaanga wameishi kwa zamu bila kukatika tangu Novemba 2000, kiko juu kadiri ya kilomita 400. Mahali hapo uvutano wa dunia bado una nguvu karibu sehemu tisa katika kumi za ile iliyopo hapa chini. Kama mnara wa kilomita 400 ungeweza kujengwa, mtu aliyesimama juu yake asingeelea hata kidogo. Gunia la mahindi la kilo 90 lingemlemea kama gunia la kilo 80 hivi, na akiteleza angeanguka kama aangukavyo mtu kutoka mnazini.

Mbona basi wanaanga huonekana wakielea katika picha? Ni kwa sababu wao, na chombo chao, na kijiko chao, na maji yao, wanaanguka pamoja kwa mwendo mmoja. Mtu aweza kulihakikisha jambo hili nyumbani kwake. Na achukue kopo, alitoboe tundu ubavuni karibu na chini, alijaze maji. Maji yatatoka kwa tundu. Kisha na asimame mahali palipoinuka, aliachie kopo lianguke. Kwa muda ule mfupi wa kuanguka maji yatakoma kutoka. Uvutano haukukoma, wala maji hayakupoteza uzito wake kwa uchawi. Kopo na maji vinaanguka sawasawa, hata maji hayapati nafasi ya kulikimbia kopo. Mwanaanga ni kama maji yaliyomo katika kopo hilo, isipokuwa kopo lake haliifikii ardhi.

JIWE LA NEWTON

Aliyelifumbua fumbo hili ni Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, ambaye kitabu chake kikuu juu ya mwendo na uvutano kilitolewa mwaka 1687. Katika maandishi yake mengine, yaliyochapishwa mwaka 1728 baada ya kufa kwake, alitoa mfano wa kitu kinachotupwa kutoka kilele cha mlima mrefu sana. Mfano huo haujapata mwingine wa kuupita kwa urahisi.

Msomaji na afikirie mlima mrefu kuliko milima yote. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, hautoshi, maana hewa bado ipo kileleni pake. Mlima unaotakiwa ni ule ambao kilele chake kimeipita hewa yote. Juu ya kilele hicho pana mtu mwenye nguvu zisizo na mpaka, na jiwe mkononi.

Akiliachia jiwe, litaanguka wima hadi chini ya mlima. Akilitupa mbele, litaanguka vilevile, lakini litafika chini mbali kidogo na mlima. Akilitupa kwa nguvu zaidi, litafika kilomita kumi, kwa nguvu zaidi tena, kilomita mia, kisha elfu. Katika kila mtupo jiwe linaanguka. Tofauti ni umbali linaokwenda mbele kabla ya kuikuta ardhi.

Kama dunia ingekuwa bapa kama meza, hadithi ingeishia hapo. Jiwe lingetupwa kwa nguvu gani, mwisho lingefika chini. Lakini dunia ni mviringo kama chungwa. Watu wa pwani wanaijua alama yake: jahazi likitoka bandarini na kwenda mbali, mwili wake hutoweka kwanza, na tanga hutoweka mwisho, kwa sababu bahari yenyewe imejipinda. Basi jiwe linapokwenda mbali sana, ardhi nayo yajipinda chini yake na kulikimbia. Upo mwendo mmoja ambao, jiwe likiupata, litashuka kwa kadiri ileile ambayo ardhi inashuka. Hapo litaanguka daima na lisifike chini. Litaizunguka dunia yote, na mtupaji asipojihadhari litampiga kisogoni.

HESABU YA MITA TANO

Mwendo huo si siri, na hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa shule.

Kitu kikiachiwa kianguke karibu na ardhi, katika sekunde ya kwanza hushuka mita tano hivi. Embe likikatika katika tawi lililo juu mita tano, litafika chini kwa muda wa sekunde moja. Hilo ni jambo la kwanza.

Jambo la pili ni umbo la dunia. Mstari ukipigwa ulionyoka kabisa juu ya bahari tulivu, bila kufuata mpindo wa maji, baada ya kilomita 8 maji yatakuwa yameshuka chini ya mstari huo kwa mita tano.

Sasa mambo haya mawili na yawekwe pamoja. Kitu kinachokwenda mbele kilomita 8 kwa sekunde moja, katika sekunde hiyo kitaanguka mita tano. Lakini katika kilomita hizo 8 ardhi nayo imeshuka mita tano. Kwa hiyo mwisho wa sekunde kitu hicho kiko juu ya ardhi kwa kimo kilekile cha mwanzo. Sekunde ya pili itakuwa vivyo hivyo, na ya tatu, na ya milioni. Chini, kwa kitu hicho, si upande mmoja usiobadilika. Chini daima ni kuelekea kitovu cha dunia, na kila kinapoendelea mbele, upande wa chini nao unageuka.

Kilomita 8 kwa sekunde ni mwendo wa kutisha. Ni kama kilomita 29,000 kwa saa moja. Mtu akienda hivyo angetoka Nairobi na kufika Mombasa kwa muda wa dakika moja. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na kwa mambo ya wanadamu walisema kweli. Lakini kwa setilaiti baraka yote imo katika haraka.

MWENDO HAUDAI MAFUTA

Hapa msomaji makini atauliza: mwendo mkubwa hivyo unalishwa na nini? Gari likiishiwa petroli husimama. Setilaiti isiyo na injini yaendeleaje?

Gari husimama kwa sababu barabara na hewa vinalizuia, si kwa sababu mwendo ni kitu kinachokufa chenyewe. Taniboi anayeruka kutoka lori kabla halijasimama anajua kwamba mwili wake unataka kuendelea mbele, na asipokimbia hatua kadhaa atajikuta kifudifudi. Gunia likidondoka kutoka lori hilohilo huviringika mbele hata ardhi ilizuie. Mwendo, kitu kikisha kuupata, hukaa nacho mpaka jambo jingine liuondoe. Huko juu hakuna barabara, na hewa imebaki kidogo mno. Basi setilaiti iliyopewa mwendo wake mara moja yaendelea nao bila kudai tone la mafuta.

Hii ndiyo sababu kazi ya roketi ni mbili, nayo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kuipandisha setilaiti ipite hewa nzito. Ya pili ni kuisukuma upande, sambamba na ardhi, mpaka ipate mwendo unaotakiwa. Roketi ikipanda wima hata kilomita 500, kisha injini ikazimwa bila mwendo wa upande, mzigo wake utarudi chini kabla saa moja haijaisha. Kimo peke yake hakimsaidii mtu.

Watoto wanaowinga ndege katika mashamba ya mtama na mpunga hutumia kombeo. Jiwe linapozungushwa, ugwe unalivuta kila wakati kuelekea mkononi, na mvuto huo ndio unaoligeuza njia yake iwe mviringo. Ugwe ukikatika, jiwe huenda moja kwa moja. Uvutano wa dunia ndio ugwe wa setilaiti. Kama ungetoweka leo, setilaiti zisingebaki zikielea mahali pake. Zingekwenda zake mbali na zisirudi tena. Nguvu ile ambayo watu wanadhani ni adui wa setilaiti ndiyo inayoifunga nyumbani.

YA KARIBU HUKIMBIA, YA MBALI HUENDA POLE

Uvutano hupungua kadiri mtu aendavyo mbali na dunia. Ugwe ukilegea, mwendo unaotakiwa nao ni mdogo. Kwa hiyo kila kimo kina mwendo wake.

Setilaiti zilizo juu kilomita 400 hadi 550 huenda kilomita 7.6 hivi kwa sekunde, na huizunguka dunia yote kwa muda wa saa moja na nusu au zaidi kidogo. Kwa siku moja huzunguka yapata mara kumi na tano. Mkulima aliyeketi nje ya nyumba yake jioni, jua likiisha kutua, aweza kuziona kwa macho. Ataona nyota inayokwenda taratibu, isiyometameta kama taa za ndege, ikikata mbingu kwa dakika chache kisha ikafifia ghafula. Nuru ile si yake. Ni nuru ya jua, ambalo kwa watu wa chini limekwisha kuzama, lakini kwa kitu kilicho juu sana bado linaonekana. Setilaiti ikiingia katika kivuli cha dunia, nuru hiyo hukatika.

Ziko nyingine zilizo mbali sana, kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Hizi huenda kilomita 3 tu kwa sekunde, na huchukua siku moja kuizunguka dunia. Lakini dunia nayo hujizungusha mara moja kwa siku. Setilaiti na dunia zikienda pamoja hivyo kuelekea mashariki, setilaiti huonekana kama imesimama juu ya mahali pamoja. Hii ndiyo sababu dishi la televisheni likisha kuelekezwa sawasawa na fundi halihitaji kugeuzwa tena. Na kwa kuwa kituo hicho cha kusimama kiko juu ya Ikweta tu, madishi mengi ya Kenya hutazama karibu juu utosini, na yale ya Uingereza huinama kuelekea kusini.

Katika kundi hilo la mbali zimo setilaiti za hali ya hewa ziitwazo Meteosat, mali ya mataifa ya Ulaya, na mojawapo iko juu ya Bahari ya Hindi karibu na pwani ya Somalia. Kila dakika 15 hupiga picha ya mawingu ya bahari yote na ya Afrika ya Mashariki. Mtangazaji wa redio anapowaonya wakulima juu ya mvua kubwa inayokuja, au wavuvi juu ya dhoruba, picha hizo ni mojawapo ya mambo ambayo wataalamu wametazama kabla ya kusema. Hazingepatikana kama chombo hicho kisingekuwa kinaanguka sawasawa na kipimo chake.

Mbali zaidi, kilomita 384,400, iko setilaiti kongwe kuliko zote, ambayo haikutengenezwa na mtu. Mwezi huenda kilomita moja kwa sekunde na huizunguka dunia kwa siku 27 na kitu. Mwezi nao unaanguka. Katika kila sekunde huanguka milimita moja na kidogo kuelekea duniani. Newton aliifanya hesabu hiyo, akaona kwamba nguvu iangushayo tunda mtini na nguvu iufungayo mwezi ni nguvu moja.

KUTOKA NGOMENI HADI ANGANI

Wakenya wengi hawajui kwamba elimu hii iliwahi kutendwa mlangoni pao. Katika bahari mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la chuma liitwalo San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa pwani. Dunia inapojizungusha, mtu aliye katika Ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, wala hahisi, maana nyumba na miti na hewa vyaenda pamoja naye. Aliye karibu na ncha za dunia huchukuliwa kidogo sana. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ikweta huanza safari yake ikiwa imekwisha kukopeshwa mwendo huo, na mkopo huo haudaiwi riba. Tena upande wa mashariki wa Ngomeni ni bahari tupu, na vipande vya roketi vinavyoachwa njiani huanguka majini.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 141 hivi ilirushwa kutoka jukwaa hilo, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na orodha iliyotokana nayo ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya elimu, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru iliizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, kimo chake kikiwa kati ya kilomita 520 na 560, ikifuata karibu kabisa mstari wa Ikweta.

Kenya yenyewe ilipata setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023. Hiyo ilirushwa kutoka California, Marekani, nayo iliwekwa katika njia ipitayo karibu na ncha za dunia. Njia ya namna hiyo huufaa upelelezi wa mashamba na misitu, kwa kuwa setilaiti ikienda kaskazini na kusini, dunia yajigeuza chini yake na kuionyesha nchi mpya kila mzunguko.

ADUI NI HEWA

Ikiwa mwendo haufi, kwa nini setilaiti nyingine huanguka kweli?

Sababu ni kwamba hewa haina ukuta inapokomea. Huendelea kupungua kidogo kidogo, na hata katika kilomita mia kadhaa bado kuna chembe zake chache. Setilaiti inapozipiga chembe hizo kwa kilomita karibu 8 kila sekunde, kila chembe huichukulia sehemu ndogo ya nguvu zake. Hasara ya siku moja ni ndogo mno. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo haba na haba hukiondoa. Setilaiti hushuka kidogo, ikakuta hewa nzito zaidi, ikazuiwa zaidi, ikashuka upesi zaidi.

Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la Ngomeni, San Marco 2, ilipelekwa angani tarehe 26 Aprili 1967 kupima hewa hiyo nyepesi. Kabla ya mwisho wa Oktoba mwaka uleule ilikuwa imekwisha kuanguka na kuungua, ikiwa imeangushwa na kitu kilekile ilichotumwa kukipima. Setilaiti ya kwanza ya dunia, Sputnik ya Warusi, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957. Sehemu ya chini ya njia yake ilikuwa kama kilomita 215 tu, na ilianguka tarehe 4 Januari 1958. Lakini setilaiti ndogo ya Marekani iitwayo Vanguard 1, yenye uzito wa kilo moja na nusu, iliyorushwa tarehe 17 Machi 1958, haishuki chini ya kilomita 650 hivi. Redio yake ilinyamaza mwaka 1964, lakini chombo chenyewe kingali kinazunguka hata leo. Uhuru, ambayo kimo chake kilikuwa kati ya hizo mbili, ilidumu miaka minane na kitu, ikaanguka mwezi wa Aprili 1979.

Kituo cha wanaanga nacho hushuka yapata kilomita mbili kwa mwezi, na hapana budi kisukumwe juu tena mara kwa mara. Ama setilaiti zile za kilomita 35,786, hewa haizifikii. Zikizeeka haziwezi kuanguka zenyewe, kwa hiyo zikiwa bado na mafuta kidogo huinuliwa juu zaidi kwa kilomita mia kadhaa, kuziachia nafasi nyingine.

YANAYOANGUKA JUU YA WATU

Kitu kikitoka katika njia yake na kuingia katika hewa nzito, mwendo ule mkubwa hugeuka kuwa joto. Hewa iliyo mbele yake hubanwa hata ikawaka, na vitu vidogo huungua kabisa kabla ya kufika chini. Vyombo vikubwa, mradi vingali vinaongozwa, huelekezwa vianguke katika Bahari ya Pasifiki mbali na watu. Hatari imo katika vipande vizito vya chuma kigumu visivyo na mtu wa kuviongoza. Pete ya Mukuku ilikuwa ya namna hiyo. Shirika la Anga la Kenya lilisema kwamba vitu kama hivyo kwa kawaida hutengenezwa ili viungue angani au vianguke mahali pasipo watu, kama baharini. Safari hiyo haikuwa hivyo.

Yafaa wananchi wajue kwamba jambo hili lina sheria yake. Kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1972, nchi iliyokirusha chombo angani ndiyo inayowajibika kulipa hasara inayotokea ardhini, bila mwenye shamba kutakiwa kuonyesha ni nani aliyekosea. Mnamo Januari 1978 setilaiti ya Warusi iliyoitwa Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nguvu za atomiki, ilianguka kaskazini ya Kanada na kutawanya vipande vyenye sumu ya miale. Mwaka 1981 Warusi walikubali kuilipa Kanada dola milioni 3 za nchi hiyo.

Lakini madai hayawezi kusimama bila ushahidi, na ushahidi ni chuma chenyewe. Kwa hiyo mtu akikuta shambani kitu kigeni kilichoanguka kutoka angani, asikiguse wala asikikate vipande vya kuuza, maana baadhi ya vyombo huwa na mabaki ya mafuta yenye sumu kali. Na awaweke watoto na mifugo mbali, aiangalie saa, kisha apeleke habari kwa chifu au kwa polisi upesi.

Wahenga walisema: aliye juu mngoje chini. Kwa setilaiti za karibu na dunia neno hilo ni kweli tupu, ila kungoja huko kwaweza kuwa kwa miezi mitatu, kama ilivyokuwa kwa Sputnik, au kwa mamia ya miaka. Muda wake wategemea kimo cha njia yake, na uzito na ukubwa wa chombo chenyewe. Maadamu mwendo wake haujapungua, setilaiti itaendelea kuanguka na kuikosa ardhi. Siku mwendo huo utakapoliwa na hewa, itaifikia.